Sifa ya Aliyesamehewa

"Bwana Yesu asifiwe!" Tunasalimiana hivyo kanisani, sokoni na hata kwenye simu, na "Amina" hutoka mdomoni upesi. Naipenda salamu hii. Ila kadiri miaka inavyokwenda, naona vyema nijiulize kila ninapoitikia: asifiwe kwa lipi?

Zaburi ya 103 imenisaidia kupata jibu. Mwimbaji hauhutubii umati kwanza. Anaisemesha nafsi yake mwenyewe, anaiasa isisahau wema wa Mungu. Anapoanza kuutaja wema huo, la kwanza ni kusamehewa maovu. Uponyaji, ukombozi na kushibishwa vinafuata baadaye. Sisi katika shuhuda zetu mara nyingi tunaanzia kwenye kazi tuliyopata, mtoto aliyefaulu mtihani, safari iliyokuwa salama. Ni haki kushukuru kwa hayo. Lakini kazi hukoma na afya huyumba, na anayemsifu Mungu kwa hayo peke yake atakosa la kusema siku yatakapoondoka. Aliyesamehewa anayo sababu ya kuimba hata akiwa matangani.

Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili. Uamsho huo uliwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya. Katika ushirika wao, mtu alisimama akaitaja dhambi yake na rehema aliyoipata, na ndugu wakaitikia kwa pambio la Kiganda, Tukutendereza Yesu, yaani "Tunakusifu Yesu". Kisha sifa ikatoka nje ya ushirika: aliyeiba alirudisha mali, waliokosana walitafutana wakapatana.

Festo Kivengere alikulia katika moto huo. Baada ya kuokoka, alipanda baiskeli akaenda mwendo mrefu kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Baadaye akawa askofu wa Kigezi, Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakakimbilia Rwanda, wakivuka milima kwa miguu. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuutetea udhalimu, aliendelea kuukemea hadharani. Ila alikataa chuki iutawale moyo ambao Kristo aliusamehe. Kwangu mimi, ule ulikuwa wimbo wa sifa mzito kuliko mapambio yote.

Yesu mwenyewe alifundisha hivyo katika Mathayo 18. Mtumwa mmoja alisamehewa na mfalme talanta 10,000, deni ambalo kibarua asingelimaliza hata angefanya kazi miaka laki moja. Alipotoka tu, akamkaba koo mwenzake ambaye yeye alikuwa akimdai dinari 100, ujira wa miezi michache. Huenda mbele ya mfalme alishukuru kwa machozi. Lakini shukrani yake iliishia mlangoni, na mfalme hakuihesabu kuwa shukrani.

Hapo ndipo ninapojifunza. Sauti kubwa, ngoma na kinanda ni vipawa vyema, na Mungu anastahili vyote. Hata hivyo, sifa ya aliyesamehewa hupimwa baada ya ibada: namna anavyomtazama jirani aliyemdhulumu, ndugu waliyegombania naye shamba la urithi, mwenzi aliyemvunja moyo. Kusamehe hakufuti haki, wala hakumlazimu aliyeumizwa kurudi mahali pa hatari. Kunamwondolea Mungu mshindani moyoni, maana kinyongo nacho hudai kuabudiwa.

Ndugu msomaji, kabla hujainua mikono Jumapili ijayo, itaje mbele za Mungu dhambi aliyokusamehe. Kisha mkumbuke anayekudai msamaha. Mwachilie. Ukimaliza, imba kwa nguvu zako zote. Bwana atakuwa amesifiwa kweli.