Fuso ya Mpanda haiuzwi Hamburg

Hapa Ujerumani kuna watu wazima wanaocheza na treni, tena kwa umakini kuliko wahasibu. Wanajenga reli ndogo ndani ya nyumba, zenye vituo, madaraja na mabehewa ya mizigo, kila kitu kwa uwiano wa 1 kwa 87, kipimo wanachokiita H0. Wenye kutaka kuona ukubwa wa wazimu huu huja hapa Hamburg, kwenye maonyesho ya Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001.

Kinachowasumbua wajenzi hawa ni kupata gari la kupakia juu ya behewa lisilo na kuta. Maduka yamejaa vigari, lakini vingi havilingani na treni. Matchbox za Uingereza, zilizoanza 1953, zilitengenezwa zienee kwenye kiboksi chake, kwa hiyo basi la abiria na gari dogo hukaribiana urefu. Hot Wheels nyingi ziko karibu na 1 kwa 64. Waingereza wa treni nao hutumia 1 kwa 76. Chukua Land Rover ndefu ya zamani, ile ya mita 4.4 hivi. Kwa 1 kwa 87 inatoka milimita 51, kwa 76 inafika 58, kwa 64 inagonga 69. Hiyo ya mwisho ukiipakia kwenye behewa la H0, umepakia lori. Halafu lazima miaka iendane, magurudumu yawekewe kabari, minyororo ikazwe, na rangi ipakwe poda ya chaki ifanane na vumbi.

Kwetu Mpanda, Tanzania, vumbi ni la bure. Huko gari la mfano hutengenezwa na mtoto kwa waya, magurudumu yakikatwa kwenye ndala zilizochakaa, na usukani unapanda kwa fimbo ndefu hadi mikononi mwa dereva anayekimbia nyuma. Hakuna anayeuliza uwiano. Wanachouliza ni kama linakata kona, kama springi zinacheza likipita kwenye shimo, na kama limebeba mzigo bila kulala upande. Mtoto akitengeneza lori la Fuso, utajua ni Fuso, si Isuzu, hata bila jina. Gari la dukani hapa ni sahihi kwa milimita lakini magurudumu ya mbele mara nyingi hayageuki. Mimi nampa ushindi mtoto wa waya, ingawa gari lake haliwezi kupanda behewa lolote la H0.

Nasema haya kwa sababu ninajenga reli ya kwetu, ile ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210, iliyojengwa kufuata madini ya risasi enzi za Mwingereza. Upana wake ni mita moja, na ukigawanya kwa 87 unapata milimita 11.5. Waswisi wana reli nyingi za mita moja, hivyo njia ndogo za milimita 12 zinauzwa. Mabehewa nitayachonga mwenyewe. Mzigo ndio umenikwamisha: nataka Fuso iliyopandishwa kwenye behewa, kama vile masika imekata barabara ya Sikonge.

Malori ya Kijerumani yako tele madukani, Fuso yetu sijaiona. Hata ningeipata, ingekuwa kichwa na chesisi tu. Bodi ya Fuso ya nyumbani, na mbao zake, vyuma vyake na maandishi ya nyuma, inaundwa na fundi wa mtaani kwa mahitaji ya mwenye gari. Mchoro wake haupo kiwandani Japani, uko kichwani mwa fundi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlioko Mpanda, mkiona Fuso imeegeshwa na dereva ni mtu wa kusikiliza, chukueni futi kamba. Nahitaji urefu wa bodi, upana wake, kimo toka ardhini hadi ukingo wa juu, na nafasi kati ya ubao na ubao. Na picha ya nyuma, maandishi yasomeke.