Kisu cha Ukambani kisichokata nyama

Je, msomaji, umewahi kuona katika kabati la babu kisu cha mti mweusi, mpini wake umechongwa twiga? Hicho si cha nyama. Ni kisu cha kufungulia barua. Enzi za barua za posta kilikaa mezani pamoja na kikopo cha kalamu na ndovu wawili wa kusimamishia vitabu. Siku hizi habari huja kwa simu, na vitu hivyo vimebaki bila kazi. Hata hivyo, usivitupe!

Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji kwa Wazaramo huko Tanganyika, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918). Aliporejea nyumbani, ufundi huo ukaenea Ukambani kote.

Ukitaka kuvitafuta, shika barabara ya Mombasa mapema asubuhi hadi Makindu, Kaunti ya Makueni. Wachongaji wapo hapo, na hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 huwapa wasafiri chakula bila malipo. Ukifika Kibwezi, pinda kushoto ufuate lami ya Mutomo hadi mjini Kitui. Kurudi Nairobi, pitia Wamunyu na Machakos. Njiani waulize wenye maduka kama wana kitu cha zamani kilichosahaulika nyuma ya rafu.

Lakini fungua macho. Mpingo, ambao Wakamba huuita muvingo, ni mzito hata huzama majini. Sugua kisu kwa kitambaa chenye maji. Kikiacha weusi, huenda ni mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kukatwa, na shoka halina subira hiyo. Umeadimika, ndiposa wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Kwa hiyo ukitaka cheusi, nunua cha zamani, maana mti wake ulikwisha kuanguka. Ukitaka kipya, nunua cha mwarobaini, fundi naye apate unga.

Kisha kiweke mezani mwanao anaposomea. Akikuuliza ni cha nini, mwandikie barua, uifunge kwa gundi, umpe aifungue.