Siku Neema Ilipogeuka Madaha

Mwaka jana niliwatengenezea wanafunzi wangu wa seminari ndogo kamusi ya Kiingereza ya kwenye kompyuta. Kamusi za karatasi zilikuwa chache, na mtandao huku kwetu Dodoma ulikuwa ukikatika kila mara. Nilitumia WordNet, hazina ya maneno iliyoanzishwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, chini ya mwanasaikolojia George Miller. Hutolewa bure, na ukishaipakua huhitaji mtandao tena.

Kamusi tulizozoea hupanga maneno kwa alfabeti. WordNet huyapanga kwa maana: maneno yenye maana moja hukaa kundi moja, na makundi hayo yanazidi 117,000. Neno lenye maana nyingi huonekana katika makundi mengi. Ukiandika "grace", utapata uzuri wa mwendo, moyo wa huruma, sala fupi kabla ya chakula, na pia fadhili za Mungu tusizostahili.

Siku moja niliwapa zoezi la tafsiri. Kijana mmoja kutoka Kongwa, mpole, asiyependa kunyoosha mkono, alisimama akasoma: "Mungu huwapa watu wake madaha." Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka.

Jioni alipiga hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina. Karibu, mwanangu."

"Mwalimu, kompyuta ilinipa maana nyingi. Haikuniambia nichukue ipi."

Nilinyamaza. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa orodha bila kumfundisha kuchagua. Programu ile hujua neno lina maana ngapi. Lakini maana inayokusudiwa huijua yule anayesoma sentensi nzima, akajiuliza nani anasema na anamwambia nani.

Nikamwuliza, "Kwenu neno neema hutumika lini?"

Akajibu bila kusita: "Mvua ikinyesha vizuri, Mwalimu. Mtama ukijaa ghalani, bibi husema huu ni mwaka wa neema."

Maana hiyo sikuiona katika makundi ya "grace". Hata hivyo, mkulima wa Kongwa anajua kwamba mvua hainunuliwi wala hailazimishwi, hupokelewa. Nimelifundisha neno hilo kwa miaka, na sijawahi kulieleza vizuri namna hiyo.

Kesho yake nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Kisha tukaanza kuongeza Kiswahili katika kamusi yetu: kila mwanafunzi huchagua neno, huandika maana zake, na kwa kila maana hutoa mfano kutoka nyumbani kwao. Kazi inakwenda polepole. Penye "grace" tumeandika neema, huruma, madaha na sala ya chakula, kila moja mahali pake. Na penye neema pana maneno ya yule bibi.

Baadhi ya vijana hawa watakuja kuhubiri mbele ya wakulima katika mwaka ambao mvua imekataa. Siku hiyo watalazimika kuchagua neno wenyewe.