Siku moja nje ya Kakuma: makorongo ya Lothagam

Wengi mmetuuliza tulienda wapi, na kama ilifaa kuhangaikia kibali kwa safari ya siku moja tu. Tunawajibu wote hapa.

Tuanze na kibali. Mnajua wenyewe, mkimbizi hatoki kambini hivi hivi. Tulikuwa vijana 14: Wakongo, Warundi, Wasudani Kusini na Wasomali wawili. Tulipanga foleni, tukaambiwa turudi kesho, tukarudi. Zilipotoka karatasi zote ndipo tuliamini. Mmoja wetu amezaliwa hapa hapa kambini, ana miaka 19, na Lodwar alikuwa hajawahi kufika. Ni kilomita kama 120 tu.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Kila kizuizi tulishuka, tukahesabiwa, tukapanda. Lodwar tulipanda kilima kuangalia Mto Turkwel. Jamani! Sisi tumezoea Tarach, mto wa mchanga mtupu, ambao maji yakija siku ya mvua yanabeba mpaka nyumba za watu. Huu Turkwel unatoka huko juu Mlima Elgon, na ukingoni mikoma na miti mingine imejaa, kijani kabisa katikati ya jangwa. Mwenzetu wa Uvira alisema unamkumbusha Ruzizi. Baada ya hapo hakuongea tena mpaka tulipoingia garini.

Kutoka Lodwar tulielekea upande wa Ziwa Turkana, lami ikaisha, vumbi likaanza. Mzee mmoja Mturkana ndiye alituongoza. Tulimsalimia "Ejoka", akacheka sana, kisha akatupa sheria mbili: mfuate anapokanyaga, na usiokote kitu. Tukashuka ndani ya makorongo mdogo mdogo. Kuta ni nyekundu kama matofali, zimekatwa na maji ya mvua mistari mistari. Kwenye udongo ule wataalamu wamepata mifupa ya tembo, viboko na mamba wa miaka milioni 5 hadi 7 iliyopita. Maana yake pale pakavu palikuwa na mto mkubwa. Tulipopanda tena juu ya ukingo, mzee akatuonyesha kwa mbali mstari wa miti: Mto Kerio.

Lakini kitu kilichotukalisha chini ni nguzo za mawe. Miaka kama 5,000 iliyopita mvua zilipungua, ziwa likarudi nyuma, na wafugaji wakawa wanaingia nchi hii na mifugo yao. Wageni kati ya watu wasiowajua. Hapo Lothagam walijenga kaburi moja kubwa la pamoja, wakasimamisha nguzo. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 unasema wamezikwa watu wasiopungua 580: watoto wachanga, wanawake, wazee. Karibu wote walivalishwa shanga. Hakuna kaburi la mkubwa na la mdogo.

Tukamuuliza: "Mzee, hawa walikuwa Waturkana?"

Akasema: "Hapana. Walikuja, kama nyinyi. Na sisi pia tulikuja."

Hapo kila mtu alikuwa na lake la kuwaza. Sisi pia tumezika watu wetu Kakuma, kila jamii na wake. Na maneno ya kuni na maji kati yetu na wenyeji tunayasikia kila wiki, nani mwenye nchi na nani mgeni. Hatusemi nguzo zinamaliza maneno hayo. Tunasema tu kwamba mzee yule angeweza kutujibu vingine, na hakujibu vingine.

Tulirudi usiku, karatasi zikakusanywa, tukahesabiwa tena: 14.

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo, ilifaa. Tunataka kuomba kibali kingine, na safari hii tunataka vijana wa Kiturkana wa hapa Kakuma mjini twende nao gari moja. Mwenye nia alete jina kwa viongozi wa kikundi. Waliozaliwa kambini na hawajatoka hata siku moja, hao wataandikwa kwanza.