Maji ya Safari: Kutoka Ngezi Hadi Misali

Ndugu msomaji, ukifika Pemba kwa mara ya kwanza itakuwia vigumu kuamini kwamba mtu anaweza kuona kiu katika kisiwa hiki. Waarabu wa kale walikiita Al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, na hawakukosea. Mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja, vilima vimevaa mikarafuu na minazi, na kila bonde lina mpunga au chemchemi. Hata hivyo, wapo wasafiri wanaotoka Chake Chake wakiwa wamesheheni maji kana kwamba wanavuka jangwa, na wapo wengine wanaoshuka bandarini Wesha mikono mitupu kana kwamba bahari hunyweka. Makosa yote mawili yana gharama yake, na la pili, nitakavyoeleza, linaweza kuwa na gharama ya roho.

Hoja yenyewe ni hii: je, chombo cha safari kiondoke na maji kamili tangu kinakoanzia, au kiondoke chepesi na kujaza njiani? Huko Ulaya na Marekani, watu wanaovuta nyumba za magurudumu nyuma ya magari yao hubishana juu ya suala hili hili, kwani nyumba zile zina matangi ya maji. Sisi hatuna nyumba za namna hiyo, lakini tunayo magari ya ng'ombe, pikapu, mashua na ngalawa, na uzito wa maji ni ule ule kila mahali. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Pipa la lita 200 ni kilo 200, na chuma chake bado hakijahesabiwa.

Tuanze na nchi kavu, ambako jibu ni jepesi. Tuseme unakwenda kaskazini, kuuona msitu wa Ngezi na mivule yake, kisha ufuo wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliojengwa mwaka 1900. Pemba si tambarare kama sehemu kubwa ya Unguja; barabara hupanda na kushuka kilima baada ya kilima, na mwisho wa safari hiyo utakutana na njia ya mchanga. Njiani kuna vijiji, na kijijini kuna maji. Kwa nini basi upandishe kilo 200 za maji kila kilima, uchome mafuta na kuzichosha breki kila mteremko, ilhali Konde unaweza kujaza madumu yako? Chukua maji ya kunywa ya siku moja, na yaliyobaki yatafute huko mbele. Ila uwe na hadhari: maji ya kuchota njiani yachemshwe. Zanzibar imekwisha kuonja uchungu wa kipindupindu tangu mwaka 1978, na mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba. Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya shambani, hata liwe limesuguliwa mara kumi, lisitiwe maji ya kunywa.

Ukitaka kujua namna ya kupanga mzigo wa maji, usimwulize dereva. Mtazame mwenye gari la ng'ombe. Gari lile lina magurudumu mawili tu, na mzigo wote hupimana juu ya ekseli moja. Madumu yakirundikwa nyuma, miti ya mbele huinuka na kamba ikambana ng'ombe tumboni. Yakirundikwa mbele, uzito wote humwangukia shingoni. Mwenye gari aliye hodari huyapanga juu ya ekseli, kisha huongeza kidogo tu mbele ili nira itulie. Kanuni hiyo ndiyo ya kila kitu kinachovutwa, liwe tela la trekta au nyumba ya magurudumu ya Mmarekani. Tela lililoelemewa nyuma huyumba, na likishaanza kuyumba mteremkoni humburuta anayelivuta.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Pipa lililojaa kabisa ni zito, lakini limetulia. Pipa lililo nusu ni jepesi zaidi, lakini halina utulivu: kwenye kona maji hukimbilia upande gari linakoinamia, na ukishika breki husukumana mbele kama umati wa watu. Ndiyo sababu ndani ya maboza makubwa ya maji huwekwa kuta zenye matundu ili kuyakata mawimbi. Asiye na boza na agawe maji yake katika madumu madogo. Madumu kumi yenye vizibo yana utulivu kuliko pipa moja lenye maji yale yale, na yana faida nyingine: likitoboka moja, yapo tisa.

Sasa tuingie baharini, maana huko ndiko kwenye hoja hasa. Magharibi ya Chake Chake kuna kisiwa cha Misali, kidogo kisichotimia hata kilomita moja ya mraba. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alipofika hapo aliomba msala wa kusalia, akaambiwa haupo. Akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mithili ya msala, na jina likabaki. Tangu mwaka 1998 kisiwa hicho kimekuwa hifadhi, na sasa kimo ndani ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Kina matumbawe ya kupendeza, kina msitu, kina kasa wanaokuja kutaga. Maji matamu hakina. Hicho ndicho kinachowafanya wavuvi wakae huko dago kwa siku kadhaa kisha warudi, pasiwe na kijiji cha kudumu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kwa Misali hakuna mjadala: maji ya siku zote yatoke Pemba, tena yawe na akiba. Kinachobaki ni hesabu. Familia ya watu wanane inayokwenda asubuhi na kurudi jioni, kila mtu akihesabiwa lita nne, itahitaji lita 32. Madumu mawili yanatosha, la tatu ni la akiba endapo upepo utakufa au mashine itagoma. Wavuvi sita wanaokaa dago siku tano, kwa lita tano kila mmoja kwa kunywa na kupika, wanahitaji lita 150, yaani madumu manane. Hizo ni kilo 160 zikijaa, uzito wa watu wawili wazima na zaidi. Kutawadha na kuosha vyombo kusiingizwe katika hesabu hiyo. Maji ya bahari yanafaa kwa yote mawili.

Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu madumu manane yanapoingia chomboni, watu wawili hawana budi kubaki pwani. Nahodha anayejua kazi yake huwabakisha. Asiyejua hupakia maji na watu pamoja, akitegemea bahari imtendee wema. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi, na hakuna mji wa Pemba uliosalimika na msiba ule. Ikiwa meli ya chuma iliweza kuzama kwa kuzidiwa, mashua ya mbao msimu wa kusi ina nini?

Madumu hayo yapangwe chini kabisa, katikati ya chombo, yafungwe kamba. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nami naona madumu nayo marejeo yake ni huko huko. Yakiwa chini hufanya kazi ya farumi, chombo kikatulia chini ya tanga. Yakiwekwa juu ya mzigo mwingine, wimbi la ubavuni linaweza kukupindua. Na ngama nayo ifuliwe mara kwa mara, kwani maji yaliyovuja ndani hukimbia upande hadi upande kama yale ya pipa lililo nusu.

Wakati wa kurudi, maji yamekwisha na chombo ni chepesi kuliko kilivyozoea. Wavuvi hawana tabu hiyo, maana samaki wamechukua nafasi ya maji. Mgeni asiye na samaki na awaketishe watu chini na katikati, wala asichote mchanga wa Misali kufanya farumi, kwani ufuo ule ni mazalio ya kasa. Madumu yaliyokwisha yasitupwe. Yakazwe vizibo na kufungwa pamoja kwa kamba mahali pa kufikika upesi, maana madumu matupu ni maboya, na mtu aliyeanguka majini anaweza kuyashikilia hadi afikiwe. Na likibaki dumu ambalo halijafunguliwa, walioko dago watalipokea kwa mikono miwili.