Joho la Sultani na Bwana Harusi wa Mpanda

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Tulitoka Mpanda kwa treni, tukapita Kaliua na Tabora hadi Dar es Salaam, kisha tukavuka kwa boti hadi Unguja. Siku ya pili tukaingia Makumbusho ya Kasri, jumba la Masultani wa Zanzibar linaloelekea baharini.

Humo zimetundikwa picha za Masultani zilizochorwa kwa rangi. Mwenye haraka huona fahari tu. Anayetuliza jicho huona kuwa kila vazi lina maana yake. Kilemba humtambulisha mtu wa ukoo na mamlaka. Joho lenye nakshi ya uzi wa dhahabu hutuambia kuwa mwenyewe yuko barazani, mbele ya watu. Jambia la kiunoni si la kupigania, bali ni alama ya cheo.

Mavazi hayo yalikwenda na adabu zake. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi baba yake, Sayyid Said, alivyokuwa akipokea wageni barazani, wakiandaliwa kahawa na sharubati. Nasi hadi leo tunalo Baraza la Idi.

Lakini picha haisemi yote. Fahari ile ililipiwa kwa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Pembe kutoka pande za Ziwa Tanganyika zilipitia Tabora hadi pwani mabegani mwa watu ambao hakuna aliyewachora. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sayyid Barghash.

Tumeyakumbuka haya kwa sababu ya kijana mmoja aliyetujia katika ofisi ya msikiti kuahirisha nikaha yake. Mahari anayo, walii ameridhia. Kilichopungua ni fedha za kukodi joho, kilemba na jambia, lake na la mpambe wake. Tulipomuuliza ni nani aliyemshurutisha, akajibu: "Watu watasema nini?"

Ndugu Waislamu, hatulikatazi joho. Ni vazi la heshima, na mwenye uwezo avae bila ya kibri. Lakini ni vazi la baraza la wafalme. Nikaha inamtaka walii, mashahidi wawili waadilifu, na ijabu na kabuli. Na mahari ni haki ya mke. Mzazi anayemchelewesha binti yake kwa ajili ya joho anamvika mkwewe kilemba cha ukoka. Wahenga wamekwisha kutuasa kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kijana yule alifunga ndoa siku ya Ijumaa baada ya swala, kwa kanzu yake nyeupe na kofia. Fedha alizokwisha kuweka kwa ajili ya joho alinunulia kitanda.

Wabillahi tawfiq.