Gereza Lililogeuka Ukumbi wa Harusi

Wewe na mwenzi wako mmechoshwa na zile safari za kula, kuogelea na kulala? Basi nendeni Lamu. Mimi na mchumba wangu tulikwenda na daftari la bajeti ya harusi mkobani, tukarudi na mjadala mzito kuliko bajeti yenyewe.

Chanzo ni ngome. Ukishuka gatini ukapita nyumba za mbele, unaikuta imekaa imara na kuta zake nene, ikitazamana na uwanja wa Mkunguni, ambako wazee hupunga upepo chini ya miti. Ilikamilika mwaka 1821 kwa msaada wa Waomani, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela. Kazi yake ilikuwa kuulinda mji.

Mwaka 1910 Waingereza wakaigeuza gereza. Uhuru ukaja, gereza likabaki, hadi mwaka 1984. Baadaye ikawa mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kukarabatiwa. Leo ndani mna makumbusho na maktaba, na ule ua wa katikati hutumika kwa mikutano, maonyesho na, ndiyo, harusi!

Mimi nilishapenda. Nikaanza kupiga hesabu ya viti na taa. Mwenzangu kimya.

“Hivi kweli tukate keki mahali watu walipokuwa wanahesabu siku za kifungo?” akaniuliza.

“Ni ukumbi tu bwana,” nikamjibu.

“Kwako.”

Tukatoka nje tumenuniana kidogo. Kwenye baraza palikuwa na mzee mmoja, tukamwamkia na kumuuliza yeye anaionaje. Akacheka. Akasema enzi za gereza, mtoto akitumwa sokoni alipita pale mbio. “Sasa mjukuu wangu huingia mwenyewe kusoma, na hutoka mwenyewe.”

Hapo nikaelewa kwa nini ngome ile imenigusa kuliko majengo mengine. Hatua chache kutoka pale kuna iliyokuwa posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa mwaka 1888 na kufungwa 1891. Nayo ni makumbusho sasa. Unaingia, unatazama, unaondoka. Nyumba kadhaa za kale zimenunuliwa na wageni, wenyeji wanaziona kwa nje. Lakini ngome bado ni ya mji. Mwanafunzi ana sababu ya kuingia, bibi harusi anayo, hata mzee wa barazani anayo. Jengo lenye watu kama hao halikosi mtetezi paa likianza kuvuja.

Mchumba wangu naye ana hoja. Sherehe isifute kumbukumbu. Anayekodi ua ule aambiwe kwanza waliokaa mle walikuwa nani na kwa nini walifungwa, ndipo apambe maua. Hilo nimelikubali kwa moyo mmoja. Kuhusu keki, bado tunavutana, ila nimemjua mwenzangu zaidi kwa swali lile moja kuliko kwa chakula chote cha jioni tulichowahi kula pamoja.

Mkitaka kwenda: ndege hutua kisiwa cha Manda, mnavuka kwa boti. Kwa basi mnafika Mokowe, kisha boti vilevile. Ulizeni kwanza hali ya usalama wa barabara. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 na vichochoro vyake ni vya miguu na punda, kwa hiyo acheni viatu virefu nyumbani. Vaeni kwa stara, na msipige watu picha bila kuwaomba. Mkifika ngomeni, zungukeni kwanza kila mtu peke yake, kisha mkae Mkunguni mwambiane mlichokiona. Huenda msikubaliane. Si vibaya kulijua hilo kabla ya ndoa.